Kusoma picha za kitabibu kwa sarufi: mwongozo kamili wa kutambua maumbo kwa njia ya sintaksia

Siku hizi mtu akiingia kwenye uchambuzi wa picha za kitabibu anakimbilia mitandao ya nyuroni (programu zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye mifano) moja kwa moja, anailisha picha elfu kadhaa, modeli inatema jibu kwamba huyu mgonjwa ana tatizo, alafu daktari anauliza kitu kidogo tu: tatizo liko wapi, na umejuaje? Hapo ndo watu wengi wanakwama. Njia ya sintaksia, yaani kusoma picha kwa kanuni za sarufi, ilikuwepo kabla hiyo mitandao haijaenea kwenye picha za kitabibu na bado inajibu hilo swali vizuri, kwa sababu jibu lake sio namba tupu, ni maelezo: mshipa ulikuwa sawa, ukaanza kubana hapa, ukakaa umebana kwa milimita kadhaa, ukafunguka pale. Kwenye mwongozo huu tunatengeneza mfumo mmoja mdogo wa kutafuta sehemu iliyobana kwenye ateri, mwanzo hadi mwisho, na namba zake, ili ukimaliza uweze kuhamishia wazo hilo kwenye picha zako mwenyewe.

Nianze na msimamo wangu kabisa ili usije ukapoteza muda: kazi ngumu hapa sio kuandika kichanganuzi (programu inayoangalia kama mfuatano wa herufi unafuata sarufi), hicho unakipata bure. Kazi ngumu ni kuchagua herufi. Ukichagua herufi mbaya hamna sarufi duniani itakayokuokoa, na nitakuonyesha kwa mfano jinsi mshipa mgonjwa kabisa unavyoweza kupita kama mzima kwa sababu ya herufi tu.

Wazo lenyewe

Ukisikia mtu anasema "kitabu mkubwa umeanguka" unajua papo hapo kuna kosa, na hukuwahi kukariri orodha ya sentensi zote mbaya za Kiswahili. Unajua kanuni chache za upatanisho na hizo chache zinatosha kuhukumu sentensi ambayo hujawahi kuisikia maishani. Na zaidi ya kusema ni mbaya, unaweza kunyooshea kidole neno lenyewe lililoharibu. Kutambua maumbo kwa sintaksia ni hivyo hivyo: unaivunja picha kuwa vipande vidogo vya msingi, kila kipande unakipa herufi, unazipanga kwa mfuatano, alafu unauliza, je huu mfuatano unakubalika kwa sarufi ya kitu kizima au kwa sarufi ya kitu kigonjwa?

Wazo hili lilianza kushika kasi miaka ya 1960. Robert Ledley, ambaye baadaye ndo alitengeneza mashine ya CT (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei) ya mwili mzima, alikuwa anasoma mipaka ya kromosomu kwa kompyuta na kuziainisha kwa sarufi, yaani ukizunguka ukingo wa kromosomu unakutana na sehemu zilizobinuka, zilizonyooka na zilizobonyea, na mpangilio wao ndo unakwambia hii ni ya aina gani. Alafu King-Sun Fu wa chuo kikuu cha Purdue kule Marekani akaipanga nadharia yote vizuri, kitabu chake kikubwa cha kwanza cha mada hii kilitoka 1974. Mwaka 1975 Horowitz akachapisha njia ya kutafuta vilele kwenye mawimbi ya moyo kwa kutumia sarufi, na hiyo ndo babu wa kile tutakachofanya hapa, kwa sababu upana wa mshipa ukiuchora kwenye chati unakuwa wimbi pia. Baadaye Ryszard Tadeusiewicz na Marek Ogiela kule Kraków, Poland, wakaipeleka kwenye ateri za moyo, mifereji ya kongosho na njia za mkojo. Kwa hiyo hauko peke yako, njia hii watu wameshaipitia.

Hatua ya 1: andika swali kwa maneno ya kawaida

Kabla ya kugusa kompyuta chukua karatasi uandike unachotafuta kama vile unamwelezea mtu kwenye simu. Mfano wetu: "Mshipa mzima una upana unaopungua polepole sana kadiri unavyoenda mbali. Mshipa uliobana unapungua haraka, unaweza kukaa hapo kidogo, alafu unarudi." Basi. Hiyo sentensi tayari ni nusu ya sarufi. Kama huwezi kuelezea ugonjwa kwa mpangilio wa namna hii, yaani "kwanza hiki, kisha kile, pembeni yake kingine", basi huo ugonjwa haufai kwa njia hii na ni bora ujue mapema. Ukungu kwenye pafu, ukijivu uliotawanyika, tishu ya titi iliyo nzito au nyepesi, hivyo ni vitu vya mchanganyiko wa rangi na sio vya umbo, huko waachie mitandao ya nyuroni.

Hatua ya 2: safisha picha mpaka ubaki na mstari

Hapa napita haraka kwa sababu mafunzo yake yako mengi. Punguza chenga (madoa ya uongo kwenye picha) kwa kichujio chepesi. Tenga mshipa na mandhari yake, ukitaka kwa kizingiti cha Otsu (kinachochagua chenyewe mpaka kati ya weusi na weupe) kama picha ina utofauti mzuri, au kichujio cha Frangi cha 1998 ambacho kinapenda vitu vyenye umbo la bomba, au U-Net (mtandao wa nyuroni wa kutenga sehemu za picha) kama una picha zilizochorwa tayari. Kutumia U-Net hapa sio usaliti, tena ndo mpango ninaoupendekeza: mtandao unasema pikseli ipi ni mshipa, sarufi inasema huo mshipa una nini. Ukishatenga, konda umbo mpaka libaki mstari wa katikati wa pikseli moja, algorithimu ya Zhang na Suen ya 1984 inatosha na iko tayari kwenye scikit-image, maktaba ya Python ya kuchakata picha. Wakati huo huo piga hesabu ya umbali wa kila pikseli ya ndani mpaka ukingo ulio karibu, ule umbali kwenye mstari wa katikati ukizidisha kwa mbili ndo upana wa mshipa mahali hapo.

Mambo mawili ya kuangalia, na haya yanaumiza watu sana. La kwanza, kukondesha kunazalisha vijiti vya uongo pembeni, kila kinundu kidogo cha ukingo kinaota tawi. Kanuni rahisi: tawi lolote fupi kuliko upana wa mshipa pale linapoanzia, likate. La pili, vipimo. Picha za DICOM (aina ya faili za picha za hospitali) zina sehemu inayosema pikseli moja ni milimita ngapi, lakini kwenye angiografia (picha za eksirei za mishipa ya damu) ile namba mara nyingi ni ya kwenye kipokeo cha mionzi na sio ndani ya mwili, na kwa kuwa mionzi inatanuka ikienda, mshipa unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Njia ya kawaida ya kurekebisha ni kutumia katheta (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa) inayoonekana kwenye picha hiyo hiyo: French ni kipimo cha unene wa katheta, na French 6 ni milimita 2 kwa nje, kwa hiyo hesabu katheta ina pikseli ngapi kwa upana na umepata kipimo chako. Ukitaka asilimia tu za kubana hauhitaji hata hilo, kwa sababu makosa ya ukuzaji yanajifuta juu na chini ya sehemu, ila ukitaka urefu wa mbano kwa milimita lazima.

Hatua ya 3: chagua herufi (kaa hapa muda mrefu)

Chukua ateri moja, pima upana kila milimita 1 kwenye mstari wa katikati. Tuseme umepata hivi, kwa milimita:

3.0, 3.0, 3.1, 3.0, 2.6, 2.0, 1.4, 1.0, 1.0, 0.9, 1.0, 1.5, 2.1, 2.7, 2.9, 3.0, 3.0

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuangalia tofauti ya kila kipimo na kilichotangulia. Ikishuka zaidi ya 0.25 andika c (chini), ikipanda zaidi ya 0.25 andika p (panda), vinginevyo s (sawa). Vipimo 17 vinakupa tofauti 16, na tungo (mfuatano wa herufi) linakuwa:

sssccccssspppsss

Inapendeza, sio? Unaona kabisa kwa macho: sawa, inashuka, imekaa chini, inapanda, sawa. Sasa chukua mshipa mwingine unaoshuka 0.2 tu kila milimita, kwa milimita 8 mfululizo. Umetoka 3.0 umefika 1.4, umepoteza asilimia 53 ya upana, na tungo lako ni ssssssss. Mzima kabisa kwa mujibu wa herufi zako! Ukishusha kizingiti kiwe 0.1 unamkamata huyo lakini sasa kila chenga ya pikseli moja inakuwa c au p na tungo linakuwa takataka. Hamna kizingiti kitakachokuridhisha kwa sababu kosa haliko kwenye kizingiti, liko kwenye kudhani hatua moja ya milimita 1 ni kipande chenye maana. Sio. Daktari akiangalia picha haoni hatua, anaona mteremko mzima.

Kwa hiyo fanya hivi: chora upana kama mstari kwenye chati, alafu ukadirie kwa vipande vilivyonyooka kwa algorithimu ya Ramer na Douglas-Peucker, ambayo inaunganisha ncha mbili kwa mstari, inatafuta nukta iliyo mbali zaidi na mstari huo, na kama umbali umezidi uvumilivu uliouweka inavunja hapo na kurudia pande zote mbili. Ukiweka uvumilivu wa 0.2 kwenye vipimo vyetu unapata vipande hivi: tambarare kwenye 3.0 kwa mm 3, mteremko kutoka 3.0 hadi 1.0 kwa mm 4, karibu tambarare hadi 0.9 kwa mm 2, hadi 1.0 kwa mm 1, mpando kutoka 1.0 hadi 2.7 kwa mm 3, na mwisho 2.7 hadi 3.0 kwa mm 3.

Sasa kipande kinaitwa c au p pale tu kinapotimiza masharti mawili kwa pamoja: mwinuko wake uzidi 0.05 kwa kila mm, NA mabadiliko yake yote yazidi asilimia 15 ya upana kilipoanzia. Namba hizi ni za kuanzia, utazirekebisha kwa data yako. Kwa nini mawili? Mwinuko unamlinda mshipa mzima mrefu, mfano anayetoka 3.5 hadi 2.5 kwa mm 50 amepoteza karibu asilimia 29 lakini mwinuko ni 0.02 tu, huyo ni wa kawaida, ateri zinakonda zikienda mbali. Na mabadiliko yanazuia chenga. Yule mjanja wetu wa 0.2 kila milimita sasa ananaswa, mwinuko 0.2 na mabadiliko asilimia 53, ni c bila ubishi.

Unganisha herufi zinazofanana zilizofuatana na mshipa wetu unakuwa scsps. Herufi tano tu. Lakini kila herufi imebeba mzigo wake: inaanzia wapi, urefu wake, upana mwanzo na upana mwisho. Hizo tunaziita sifa, na bila sifa sarufi ya kitabibu ni kilema, kwa sababu mbano wa asilimia 20 na wa asilimia 90 vyote vinasomeka scsps.

Hatua ya 4: andika sarufi

Kwa lugha ya kanuni inakuwa hivi, soma mshale kama "inaundwa na", Kitako ni sehemu iliyotulia katikati ya c na p, na (tupu) maana yake hamna herufi:

Mshipa → Sawa
Mshipa → Sawa Mbano Mshipa
Mbano → c Kitako p
Kitako → s
Kitako → (tupu)
Sawa → s

Fuatilia scsps mwenyewe kwa kalamu: Mshipa unakuwa Sawa Mbano Mshipa, Sawa ya kwanza inakula s, Mbano unakula c s p, Mshipa uliobaki unakuwa Sawa na kula s ya mwisho. Imekubali, na katika kukubali imekuchorea mti unaosema mbano ni upi na unaanzia wapi. Huo mti ndo maelezo aliyokuwa anauliza daktari.

Chomsky mwaka 1956 alizipanga sarufi kwa madaraja kulingana na nguvu, na ushauri wangu ni utumie daraja dogo kabisa linalotosha. Sarufi hiyo hapo juu, japo inaonekana ya kifahari, ni ya daraja la chini kabisa, unaweza kuiandika kama mchoro mmoja wa herufi kwenye Python: `s(cs?ps)*` na ukamaliza kazi. Inaendeshwa kwa otomata (mashine ndogo inayosoma herufi moja moja), muda wake unakua sambamba na urefu wa tungo. Unapanda kwenda sarufi huru ya muktadha, daraja linalofuata juu yake, pale unapohitaji vitu vilivyomo ndani ya vitu, mfano mbano mdogo ndani ya mbano mkubwa, au idadi zinazotakiwa kulingana pande mbili. Hapo utatumia kichanganuzi cha Earley au CYK, muda wao kwa hali mbaya unakua kwa mchemraba wa urefu wa tungo, lakini ukiwa na herufi tano au ishirini hata hautasikia. Lark na NLTK, maktaba za Python, zote zina vichanganuzi tayari, usijiandikie chako.

Hatua ya 5: bandika hesabu kwenye kanuni

Kila kanuni inapotumika, ipe kazi ya kuhesabu. Kanuni ya Mbano ifanye hivi: chukua upana mdogo kabisa ndani yake, 0.9. Chukua upana wa kumbukumbu kutoka kwenye sehemu sawa za kabla na baada, 3.0. Asilimia ya mbano ni 1 toa 0.9 gawa kwa 3.0, yaani asilimia 70. Urefu ni mwanzo wa c hadi mwisho wa p, mm 10. Ripoti yako sasa inasomeka kama maneno ya mtu: mbano mmoja, unaanzia mm 3 kutoka mwanzo wa kipande, urefu mm 10, umeziba asilimia 70 ya kipenyo.

Andika wazi kwamba ni KIPENYO. Kwa eneo la tundu mbano huo huo ni asilimia 91, kwa sababu 0.3 ukiizidisha yenyewe unapata 0.09. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa kumbe mmoja anasoma kipenyo mwingine eneo. Kwa ateri za moyo mazoea yaliyoenea ni kuhesabu mbano wa kipenyo kuwa mkubwa kuanzia asilimia 70, na kwa shina kuu la kushoto kuanzia 50, kwa hiyo kosa la 0.1 mm kwenye kitako linaweza kumvusha mgonjwa mpaka. Toa namba pamoja na kiwango cha kosa lake.

Hatua ya 6: tungo moja, maana mbili

Hapa ndo utamu wa kazi ulipo. Angalia tungo hili: scspscsps. Sarufi yetu inasema mibano miwili. Sawa, lakini ile p s c ya katikati inaweza pia kuwa mshipa uliovimba katikati ya mshipa mwembamba! Kwa herufi peke yake huwezi kuamua, tungo ni lile lile. Sifa ndo zinaamua: kama ule usawa wa katikati una upana wa 3.0 sawa na ncha zote mbili, basi ni mibano miwili na katikati ni mshipa wa kawaida. Kama katikati ni 4.6 na ncha ni 3.0, una uvimbe. Ongeza kanuni ya Uvimbe, p Kitako c, na uipe sharti kwamba kitako chake kizidi upana wa kumbukumbu, na Mbano upewe sharti la kinyume. Sarufi yenye masharti ya namna hii inabaki ndogo lakini inajua mengi.

Nyingine: tungo linalosomeka scs na kuishia hapo, umeshuka na haujarudi. Sarufi inalikataa, na watu wengi wanatupa matungo yaliyokataliwa. Usitupe hata moja. scs inaweza kuwa na maana tatu tofauti kabisa. Labda kuna tawi pale, na mshipa baada ya tawi lazima uwe mwembamba, kwa kanuni ya Murray ya 1926 mchemraba wa nusu kipenyo cha mzazi ni sawa na jumla ya michemraba ya watoto, kwa hiyo ateri ya 3.0 ikigawanyika sawa kwa sawa kila mtoto anapata kama 2.4, hiyo ni asilimia 20 chini na ni afya tupu. Labda picha imeishia katikati ya mbano. Au labda ni ugonjwa ulioenea kwenye mshipa wote wa mbele, ambao ndo hatari kuliko yote na ndo rahisi kuukosa kwa sababu hamna sehemu nzima ya kulinganishia. Dawa ya kesi ya kwanza ni kuongeza herufi t kwa tawi, mstari wa katikati unakuonyesha matawi bure, pikseli yenye majirani watatu au zaidi. Kesi mbili zilizobaki zipeleke kwa binadamu zikiwa na alama. Na tungo linaloishia kwenye c bila chochote baadaye, mshipa umepotea ghafla, hilo lipewe kanuni yake kabisa, Ziba, kwa sababu ateri iliyoziba moja kwa moja haina upande wa kupanda.

Hatua ya 7: vumilia makosa, lakini kwa bei

Picha halisi zina chenga, herufi zitakosewa. Kichanganuzi kinachosema tu ndiyo au hapana kitakataa nusu ya wagonjwa wako. Aho na Peterson walionyesha mwaka 1972 jinsi ya kuchanganua huku unarekebisha, yaani badala ya kukataa unatafuta tungo halali lililo karibu zaidi, na kila rekebisho lina bei. Wengi wanaweka bei 1 kwa kila kitu, na mimi nakataa hilo. Kugeuza s kuwa c ni rahisi, mipaka yao inagusana, weka 1. Kugeuza c kuwa p ni kugeuza ukweli, weka 4 au zaidi. Kufuta herufi, bei iendane na urefu wa kipande chake, kipande cha nusu milimita kifutike kwa bei ya chini, cha mm 6 kisifutike kirahisi.

Mfano: scpcsps. Ipo p ndogo katikati ya mteremko. Usomaji wa kwanza, ifute p, c mbili ziungane, unapata scsps, mbano mmoja wenye kinundu. Usomaji wa pili, ingiza s baada ya p, unapata scpscsps, mibano miwili iliyobanana. Kama ile p ni ya mm 1 na imepandisha upana kutoka 1.2 hadi 1.6 tu kwenye mshipa wa 3.0, wa kwanza ndo wenyewe. Kama imerudi hadi 2.8, ni miwili. Toa zote mbili na bei zake kama zimekaribiana, daktari ataangalia mahali hapo mwenyewe na itamchukua sekunde chache.

Ukiwa na data ya kutosha badilisha bei ziwe uwezekano: kila kanuni ipe uwezekano, kanuni zote za jina moja upande wa kushoto zijumlishe 1, alafu uchague mti wenye zao kubwa. Kuna watu watakwambia basi acha kompyuta ijifunze sarufi yenyewe kutoka kwenye mifano. Gold alithibitisha 1967 kwamba kwa mifano mizuri peke yake hata lugha za daraja la chini kabisa haziwezi kujifunzika kwa ujumla wake, unahitaji na mifano mibaya. Kwenye kazi ya kitabibu mi nasema andika kanuni kwa mkono ukiwa umekaa na daktari, kompyuta ijifunze uwezekano na vizingiti. Kanuni iliyoandikwa kwa mkono mtu anaweza kuisoma na kuikataa.

Hatua ya 8: kutoka tungo kwenda mti

Mshipa mmoja ni tungo, lakini mishipa yote kwa pamoja ni mti, na mapafu pia, na mifereji ya ini pia. Hapo tumia sarufi za miti: badala ya herufi kufuatwa na herufi moja, nodi (nukta ya mti) inazaa nodi mbili au tatu. Usirukie sarufi za grafu (za mitandao ambayo nukta zake zinaweza kuunganishwa vyovyote) kama hauna sababu, kwa ujumla kuzichanganua kunaweza kuwa kazi ngumu kupita kiasi kwa kompyuta isipokuwa uzibane kwa masharti makali.

Mtego mkubwa hapa uko kwenye picha za retina, ngozi ya nyuma ndani ya jicho. Ateri na vena zinapishana juu ya nyingine, na mpishano kwenye picha unafanana na tawi. Kwa nadharia mpishano una mikono minne na tawi mitatu, rahisi, ila kukondesha mara nyingi kunaupasua mpishano kuwa matawi mawili ya mikono mitatu yaliyokaribiana sana, na mti wako unakuwa na duara ambalo mwilini halipo. Kwa hiyo kabla ya kuchanganua, matawi mawili yaliyo karibu kuliko upana wa mshipa yaunganishe, alafu angalia kama mikono inayotazamana iko kwenye mstari mmoja na ina upana unaolingana, kama ndiyo, ni mpishano. Kwenye angiografia ya moyo tatizo ni hilo hilo na lingine juu yake, mshipa unaokuja kuelekea kwenye kamera unaonekana mfupi, na mbano ulioegemea upande mmoja unaweza kujificha kabisa kwenye pembe moja. Changanua angalau picha za pembe mbili zilizo mbalimbali na uchukue mbano mkubwa zaidi.

Hatua ya 9: pima kazi yako kwa haki

Gawa data kwa wagonjwa, sio kwa picha, picha za mtu mmoja zikiwa pande zote mbili matokeo yako ni ya uongo. Usiridhike na kipimo cha Dice, kinapima pikseli ngapi zimepatana, na mshipa uliokatika pikseli tatu katikati Dice haitingishiki ila mti wako umevunjika vipande viwili. Pima vitu ambavyo sarufi inadai: mibano mingapi imepatikana kati ya iliyopo, mingapi ya uongo kwa kila picha, kosa la asilimia, kosa la mahali. Na linganisha na wasomaji wawili, kwa sababu madaktari wenyewe hawapatani kila mara, na kama mfumo wako unatofautiana nao kwa kiasi kile kile wanachotofautiana wao kwa wao, umefika mbali.

Kabla ya kuhamisha picha yoyote kutoka hospitali ondoa majina kwenye faili za DICOM, na uangalie picha yenyewe pia, kuna mashine zinaandika jina la mgonjwa ndani ya pikseli na kufuta sehemu za maandishi ya faili hakuondoi hilo. Kama hauna picha zozote, anza na seti ya DRIVE kutoka Uholanzi, ina picha 40 za retina, 20 za kufundishia na 20 za kupima, na mishipa imeshachorwa kwa mkono. Chukua moja, kondesha, chagua mshipa mmoja tu kati ya matawi mawili, chora upana wake kwenye chati na uandike tungo lake kwa kalamu kabla ya kuandika laini hata moja ya programu.